Ngozi ya mbuzi si ngozi ya punda

Hoja inayoenea sana siku hizi, na ambayo mafundi wa makubadhi, hivi viatu vyetu vya wazi vya ngozi, hapa Amu (Lamu) huisikia kutoka kwa wageni wanaosimama kwenye baraza zao, ni kwamba kuvaa chochote kilichotoka kwa mnyama ni kushiriki katika kumtesa. Koti la manyoya, mkoba wa ngozi ya mamba, mshipi wa ngozi ya ng'ombe, makubadhi: vyote vinatiwa kapu moja. Wengi wetu tukiambiwa hivyo hujibu haraka kwamba hayo ni mambo ya wazungu na Mungu ameshatuhalalishia. Jibu hilo halitoshi. Wanaouliza wana haki ya kuuliza, na dini tunayoikimbilia ina maneno mengi zaidi kuhusu jambo hili kuliko hilo neno moja la halali. Lakini naona pia kwamba fundi wa makubadhi anabebeshwa kosa la mtu mwingine, na mwenye kosa anapita njia yake.

Kwenye manyoya haki yao iko wazi. Novemba 2020 serikali ya Denmark iliamuru mink wote nchini humo wauawe, kwa kuhofia virusi vya korona vilivyokuwa vimebadilika ndani ya mashamba ya kuwafuga. Waliouawa walizidi milioni 15, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni sita. Mink ni mnyama mdogo ambaye maumbile yake ni kuogelea na kuwinda peke yake kandokando ya maji. Pale alikuwa akikaa ndani ya kizimba cha waya mpaka siku ya kuchunwa. Haliwi, hakamwi, habebi mzigo. Amezalishwa ili koti lipatikane, na dunia ya leo ina vitambaa chungu nzima vya kuzuia baridi. Uingereza iliupiga marufuku ufugaji huo kwa sheria ya mwaka 2000. Hapo sina la kuwatetea wavaaji.

Wala sisi wa pwani tusijione wasafi. Mji huu ulitajirika kwa boriti za mikoko, na pia kwa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa aitwaye ng'amba. Siwa ya Pate, baragumu la watawala, iliyomo katika jumba la makumbusho la Lamu ni ndovu mtupu, na uzuri wa nakshi zake hauwezi kufuta gharama yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikachoma tani 12 za pembe mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016. Nakubali yote hayo, na sijamsikia fundi hapa akililia ruhusa ya kuchonga pembe.

Makubadhi ni jambo jingine. Ngozi ya ng'ombe iliyokwisha tengenezwa hulowekwa ilainike, kisha hukatwa kwa kisu kifupi kwa kufuata kigezo cha mguu. Soli huwa tabaka mbili au tatu zinazoshonwa pamoja: msharasi unatoboa, sindano inafuata, na uzi umepakwa nta ili maji yasiuoze. Gidamu hupitishwa kwenye tundu baina ya kidole gumba na cha pili, ikafungwa kwa namna ambayo ikikatika hubadilishwa yenyewe, kiatu kisiguswe. Kubadhi lililochakaa hurudishwa kwa fundi likatiwa soli nyingine, na wako wazee wanaovaa jozi moja kwa miaka mingi.

Huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa ajili ya soli. Bei yake machinjioni ilikatwa kwa kutazama nyama, na mfugaji wa Witu au Garsen aliyemuuza alikuwa na karo ya kulipa au kiangazi kinamkimbiza. Angepewa mnunuzi asiyetaka ngozi kabisa, angemuuza vilevile. Anayetaka kuliona hili kwa macho aende nyuma ya machinjio wiki ya Idi ya kuchinja. Ngozi za mbuzi na kondoo hurundikana kupita wanunuzi waliopo. Isipotiwa chumvi ya kutosha saa zile zile, kwa joto letu ngozi huanza kuharibika kabla ya kesho yake: ukivuta nywele zinang'oka zenyewe, na ikifika hapo hakuna kiwanda kitakachoipokea. Hufukiwa, au hutupwa. Mtu anayekataa kuvaa ngozi hiyo kwa ajili ya yule mbuzi hajamwongezea hata siku moja ya uhai. Alichofanya ni kuipeleka ngozi shimoni.

Wapinzani wana jibu la maana hapa. Wanasema kila shilingi ya ngozi huongeza faida ya ufugaji, na faida ikiongezeka, wanyama huongezwa. Kwa ndama wa Ulaya ambao ngozi zao laini hugombewa na watengenezaji wa mikoba ya kifahari, nadhani wana hoja. Kwa ng'ombe wa Tana, sioni. Wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya viwanda. Ngozi nyingi duniani hutengenezwa kwa chumvi za kromu, na mtaa wa Hazaribagh huko Dhaka, Bangladesh, uliachiwa kwa miongo mingi kumwaga maji yake machafu katika mto Buriganga, hadi mahakama ilipofunga viwanda vile mwaka 2017. Hilo ni dhuluma kwa watu kabla hata ya kufika kwa wanyama. Tiba yake inajulikana: ngozi hutengenezeka pia kwa magome ya miti, na magome ya mikoko ya pwani hii yalikuwa bidhaa ya biashara kwa kazi hiyo hiyo, ijapokuwa leo hakuna atakayetaka mikoko ibanduliwe ovyo.

Tuiangalie sasa na badala yake. Anayekataa ngozi haendi pekupeku. Huvaa champali za plastiki, au kiatu kinachoitwa cha ngozi bandia, ambacho mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Mwisho wa vitu hivyo tunaufahamu Amu kuliko watu wengi. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa hapa chini ya fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018, lina urefu wa mita tisa, na mwili wake wote ni plastiki iliyotumika tena, ukapambwa kwa champali zipatazo 30,000. Nyingi ziliokotwa ufukweni. Mapema mwaka 2019 lilitweka tanga hadi Unguja, safari ya kilomita kama 500, kwa kusudi la kuonyesha watu takataka zao wenyewe. Na hizo zilizookotwa ndizo zilizoonekana. Zilizobaki husagika vipande vidogo vidogo, na kasa huvimeza akidhani ni chakula. Aliyekataa kubadhi kwa huruma ya mbuzi aliyekwisha liwa atizame kama hajamuumiza kasa aliye hai. Ziko ngozi mpya za majani ya nanasi na za kuvu, nami nazitakia heri, lakini nyingi bado huchanganywa na plastiki ili zidumu, na bei yake si ya mtu wa mtaani kwetu Langoni.

Kwa yote hayo, ningeliandika makala haya kwa moyo mwepesi zaidi kama si punda.

Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, dawa ya kale ya China ambayo siku hizi hutiwa katika vinywaji na vipodozi vya watu wenye fedha. Punda wa China walikuwa karibu milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wameshuka chini ya milioni tatu. Wafanyabiashara wakageukia Afrika. Kenya ikafungua machinjio manne, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, na watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, wakahesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018.

Nimeigawanya hesabu hiyo mara nyingi. Ni miezi 33. Ni zaidi ya punda 9,000 kwa mwezi, kama 300 kwa siku. Punda wa kisiwa cha Amu hukadiriwa kuwa elfu tatu hivi: wale wanaopandisha mawe, mchanga na saruji katika vichochoro ambavyo gari halipiti, wanaobeba magunia kutoka bandarini na wagonjwa kutoka majumbani. Kwa mwendo ule wangemalizika kwa siku kumi. Mji mzima usingekuwa na wa kubeba tofali.

Wala hawawezi kurudishwa upesi. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano na mara nyingi huzaa pacha. Punda hubeba mwaka mzima au zaidi, akazaa mmoja, na huyo mmoja anahitaji miaka kadhaa kabla ya yeye naye kuzaa. Hao watafiti walikuta punda wanachinjwa kwa kasi ya asilimia 5.1 kwa mwaka ilhali wanaongezeka kwa asilimia 1 tu na ushei, wakaonya kwamba kwa mwendo ule Kenya ingefika mwaka 2023 haina punda. Sensa zinaelekea kule kule: ile ya 2009 ilikuta punda takriban milioni 1.8, ya 2019 ikakuta wasiofika milioni 1.2. Huku bara, watu waliamka asubuhi wakakuta punda wao wameibwa usiku na kuchunwa vichakani, nyama imeachwa. Aliyeumia zaidi ni mama wa kuteka maji, ambaye mzigo wa punda ulihamia mgongoni mwake.

Waliotetea machinjio walisema yameleta ajira na soko kwa mfugaji aliyekuwa na punda mzee asiye na kazi. Ajira zilikuwapo kweli. Lakini bei ya punda ilipanda hata aliyemkosa hakuweza kununua mwingine, na machinjio hayaishi kwa vizee; mia tatu kwa siku haiwezi kuwa vizee watupu. Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku. Mei 2021, katika shauri lililofunguliwa na mmoja wa wenye machinjio, Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua marufuku hiyo. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika, huko Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15 barani kote.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wanaosema "ni halali" wasimame nami kidogo. Ipo hadithi mashuhuri ya kondoo wa sadaka aliyepewa mtumishi wa Bibi Maimuna, mkewe Mtume, akafa. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakasema ni kibudu. Akajibu kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Hiyo ni hoja kubwa ya kutoitupa ngozi, na kwangu inamtetea fundi wa makubadhi kikamilifu. Lakini Imam Nawawi, katika madhehebu yetu haya ya Shafi, ameeleza pia kwamba haifai kumchinja mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kuchukua ngozi yake, na akamtaja kwa jina lake punda aliyelemaa asiyeweza tena kazi. Imam Abu Hanifa aliruhusu, yetu haikuruhusu. Kwa hiyo mpaka kati ya ngozi ya mnyama aliyeliwa na mnyama aliyeuawa kwa ngozi haukuletwa na mgeni yeyote. Umekuwa ukisomeshwa katika darsa zetu, na hatukuutaja lori zilipokuwa zikipakia punda kwenda Mogotio.

Na kwa wanaokataa ngozi zote kwa pamoja, naona wanampunguzia nguvu punda. Ukimwambia fundi kwamba yeye, mwenye mink na mchuna punda ni wamoja, atakuona huijui kazi yake, na hatokusikiliza tena utakapomwambia la punda. Ilhali huyu huyu fundi, ambaye ngozi zake hupanda kutoka jetini juu ya mgongo wa punda, ndiye angekuwa wa kwanza kusimama nawe.

Kuna swali moja gumu linalobaki, na nimeulizwa. Punda akifa kwa uzee hapa Amu, ngozi yake ikatengenezwa, si imeshatoharika? Kwa nini isivaliwe, kama ya yule kondoo wa Maimuna? Kwa fiqhi peke yake sina pingamizi. Pingamizi langu ni la soko. Ngozi ikishatiwa chumvi na kukunjwa haionyeshi kama mwenyewe alikufa kwa uzee zizini au aliibwa usiku wa manane, na ndiyo sababu Kenya ilichoma hata pembe za ndovu waliojifia wenyewe porini: zilizo halali zingekuwa kificho cha zisizo halali. Mpaka machinjio yasiweze tena kurudi kwa njia ya mahakama, na sheria ya nchi iseme wazi yale yaliyokubaliwa Addis Ababa, punda wa Amu anayekufa azikwe na ngozi yake.