Maikrowevu na mvuvi wa Wete
Nimesikia watu wakimsifu mtaalamu mmoja wa setilaiti za hali ya hewa: eti kwa kuwa alitumia maisha yake ya kazi kupima mawimbi ya maikrowevu yanayopenya mawingu, mvuvi sasa hana haja ya kutazama mbingu. Kupenya kweli: kamera ya kawaida ya setilaiti huishia kwenye kilele cha wingu, maikrowevu huiona mvua iliyomo ndani. Lakini doa moja la kipimo, yaani eneo ambalo setilaiti hulipima kwa mara moja, huweza kufika upana wa kilomita 25, na ukikaribia pwani nchi kavu hulichafua, maana ardhi hutoa maikrowevu mengi kuliko maji. Mkondo wa Pemba wenyewe, kati ya kisiwa na bara, upana wake ni kama kilomita 50 tu! Mimi mtoto wa mvuvi wa Wete. Kusi likichafuka ghafla, mzee alilijua kabla ya redio. Wenzangu wa Mkoani, alfajiri mnatazama simu au mawingu?