Wepesi peke yake hautoshi
Aliyetuwekea picha za gari hili la kuunganisha mwenyewe, la mtindo wa Lotus Seven (kigari cha michezo cha Kiingereza), anasema eti kwa kuwa ni jepesi, basi litamudu barabara za Dar. Wepesi sikatai. Ila shokapu zake zina mwendo mfupi na uvungu uko chini mno. Matuta ya huku kwetu Mbagala kila mtaa unajijengea lake, litakalia tumbo. Halafu angalieni picha ya mbele: tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza tairi) haiendi sambamba na armu (mkono unaoshikilia tairi). Gari la mteja mmoja lilichomelewa hivyohivyo, nikahangaika nalo wiki nzima gereji. Tairi likiingia shimoni tu, stelingi inavuta yenyewe kushoto, na bushi zote nilishabadilisha (kwa hela yangu!). Kuna aliyewahi kuliendesha kweli, au limepigwa picha tu kwenye lami nzuri ya Masaki?