Sukari Imeshuka, Moyo Je?

Mgonjwa wa kisukari anabanwa kifua. Anapigwa picha ya mishipa ya moyo, ile ya kupitisha mpira mwembamba na kumwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na majibu yanatoka safi. Anarudishwa nyumbani. Tatizo ni kwamba picha hiyo huonyesha mishipa mikubwa. Ile yenye upana chini ya nusu milimita haionekani, ilhali ndiyo inayogawa damu ndani ya msuli wenyewe. Sukari nyingi huchakaza utando wake wa ndani, na utando uliochakaa hautoi nitriki oksidi ya kutosha, gesi inayoitanua mishipa moyo unapodai damu zaidi.

Tuilindeje mishipa hii midogo? Jibu la kwanza, tulilolizoea kliniki, ni kushusha sukari. Utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulionyesha mwaka 1998 kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa 25%. Namba hiyo hutajwa sana, lakini ukiifungua ndani utakuta macho: sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na wagonjwa wachache zaidi kuhitaji kuchomwa mionzi ya leza kwenye retina. Mishipa midogo ya moyo haikupimwa. Tunakisia tu kwamba kinachoponya jicho kinaponya na moyo.

Kisha ukaja utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 10,251. Kundi moja lilitakiwa kufikisha HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi mitatu, chini ya 6%. Mwaka 2008 zoezi hilo la kubana sukari lilisimamishwa kabla ya wakati: waliobanwa walikuwa wamekufa 257, wenzao 203. Cha ajabu, uchunguzi wa macho wa mwaka 2010 uliwakuta waliobanwa wakiwa na nafuu ya retina. Jicho lilinufaika, uhai haukunufaika.

Je, tuache kubana? Hapana, na hapa upande wa kushusha sukari una hoja nzito. Wagonjwa wa UKPDS walikuwa wamegunduliwa karibuni. Miaka kumi baada ya utafiti kwisha, waliodhibitiwa mapema kwa insulini au vidonge vya salfonilurea walikuwa na mishtuko ya moyo pungufu kwa 15%. Wa ACCORD walikuwa wameishi na kisukari takriban miaka kumi, na theluthi moja walikwisha kupata maradhi ya moyo. Kwangu mimi, umri wa ugonjwa ndio unaoamua: bana mapema, legeza kwa mzee ambaye sukari yake hushuka ghafla.

Wengine wanasema dawa ni muhimu kuliko namba. Empagliflozini, dawa ya kisukari, mwaka 2015 ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa 38% kwa wagonjwa waliokuwa tayari na maradhi hayo, ingawa sukari yao haikushuka sana. Inafanyaje kazi, bado wanabishana. Majaribio madogo ya mtiririko wa damu moyoni yametoa majibu yanayopingana. WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini orodha hailipi bili ya duka la dawa.

Presha ndiyo hupewa nafasi ndogo mno katika mabishano haya. Katika UKPDS hiyohiyo, waliodhibitiwa presha kwa makini walifikia wastani wa 144/82, wenzao 154/87, na vifo vinavyohusiana na kisukari vikawa pungufu kwa 32% kwa waliodhibitiwa. Vidonge vingi vya presha ni vya bei nafuu, na mashine ya kuipimia tayari ipo mezani kwa muuguzi.