Mimea ya Maji Kila Jioni

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu hapa Jinja sentensi fupi ya Kiingereza waitafsiri kwa Kiswahili: "Water plants every evening." Mmoja wao, msichana hodari anayezungumza Kisoga nyumbani, aliandika bila kusita: "Mimea ya maji kila jioni." Nilipomuuliza kitenzi kimekwenda wapi, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe kwamba maji ni nomino." Nilikuwa nimekusudia "Mwagilia mimea kila jioni", maana katika Kiingereza neno "water" huweza kuwa nomino au kitenzi bila kubadilika umbo. Sikuwa na la kusema, kwa kuwa kosa lile lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba nomino ni jina la kitu na kitenzi ni neno la kutenda. Katika Kiswahili, Kiganda au Kisoga maelezo hayo hayaleti hasara kubwa, kwa sababu neno huja limevaa sare yake: anayesikia "mkulima", "kilimo" na "wanalima" hahitaji kutafakari maana ndipo ajue lipi ni lipi. Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na sare za namna hiyo. Katika Kiingereza cha Kale jibu liliitwa "andswaru", na kujibu "andswarian". Miishio hiyo ilichakaa kadiri karne zilivyopita, hata leo yote mawili yamebaki kuwa "answer". Kwa hiyo anayelikodolea macho neno lenyewe hatapata kitu. Inampasa awatazame majirani zake.

Likitanguliwa na "the", "a" au "my", hata kama kivumishi kimejipenyeza katikati, ni nomino. Likifuata "will", "must" au "they", kwa kawaida ni kitenzi. Ningaliandika "Water the plants", yule binti asingalipotea. Herufi "s" ya mwishoni ndiyo isiyoaminika, kwani katika "her plans" inaonyesha wingi, ilhali katika "she plans" inaonyesha mtendaji mmoja.

Baadhi ya walimu wenzangu huegemea mkazo: "permit" ya dereva hukazwa mwanzoni, na ile ya kuruhusu hukazwa mwishoni. Ni kweli, lakini kwetu njia hiyo ni dhaifu. Aliyezoea mkazo wa Kiswahili, unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huyakaza yote mawili mwanzoni, na gazeti halina sauti ya kumsahihisha. Tahajia ya Kiingereza cha Uingereza hutusaidia kidogo kwa kutenganisha "practice" na "practise". Wamarekani huandika ya kwanza tu.

Mimi naona ni afadhali kumwambia mwanafunzi alihamishie neno hilo katika lugha yake. "Our work" itamlazimisha kusema "kazi yetu", na "we work" itamlazimisha kusema "tunafanya kazi". Hawezi kufika huko bila kuamua. Haya yanafanyika kwa urahisi zaidi sasa, kwa kuwa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. "Jibu swali la tatu" na "Jibu la swali la tatu" zinaanza kwa neno lilelile lisilo na kiambishi chochote, na kinachozitenganisha ni "la" ndogo, yaani jirani, kama ilivyo katika Kiingereza. "Hesabu" na "hukumu" zina tabia hiyohiyo. Nasi Waganda hatukubaki nyuma: asiye na nauli ya bodaboda mjini Kampala atakuambia "I am footing", na mguu umekwisha kuwa kitenzi.

Wiki iliyofuata niliandika ubaoni maneno matatu, kwa mtindo wa vichwa vya habari: "Police report delays." Nusu ya darasa ilitafsiri kwamba polisi waripoti ucheleweshaji, na nusu ikashikilia kwamba ni kuchelewa kwa ripoti ya polisi. Yule msichana wa mimea ya maji alinyoosha mkono, akauliza kama habari yenyewe ipo chini ya kichwa hicho tuisome kwanza.