Roli ya kasi: karatasi au sikio?

Wapiga dramu wengi wa makanisani na kwenye bendi wamejifunza roli, yaani yale mapigo ya haraka ya kuingilia kiitikio, kwa kusikiliza na kurudia. Ukiwawekea nota wanauliza: nani awezaye kusoma nota 12 kwa sekunde? Wana haki ya kuuliza. Kwa mwendo wa 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Ukiligawa mara sita, kila nota inapata sekunde 0.083 tu. Jicho halifuati hivyo. Ila msomaji mzuri hafuati nota moja moja. Anatambua umbo la pigo zima, kama unavyolitambua neno “kesho” bila kuliendeleza.

Sikio lina mahali linapodanganywa. Chukua roli inayorudia mkono wa kulia, wa kushoto, kiki (ngoma kubwa ya mguu), kila nota ikiwa robo ya pigo, katika kipimo cha mapigo manne. Nota ni 16: makundi matano ya tatu-tatu, na moja inabaki. Anayesikiliza tu anasikia tatu-tatu, anaamini pigo limegawanywa mara tatu, na akiicheza hivyo nota zilezile 16 zinamla mapigo matano na theluthi. Bendi imeshaingia kwenye kiitikio, yeye bado yuko kwenye ngoma za tomu. Karatasini mambo yako wazi: kiki iko kwenye nota ya 3, 6, 9, 12 na 15, na ya 9 ndiyo mwanzo wa pigo la tatu. Hapo katikati una pa kushika.

Karatasi nayo ina mitego. Nota sita ndani ya pigo moja hufungwa kwa mistari miwili minene inayoziunganisha, sawasawa na nota nne za robo pigo. Tofauti ni tarakimu 6 iliyoandikwa juu. Ukiipita tarakimu hiyo, utazipiga sita kwa mwendo wa nne, na pigo moja litakuwa pigo moja na nusu. Tena, wingi wa mistari haumaanishi kasi. Mistari mitatu kwa mwendo wa 60 ni sauti ileile ya mistari miwili kwa 120, kwa hiyo angalia mwendo kabla hujaogopa ukurasa.

Waimbaji wa kwaya waliozoea sol-fa (nota za herufi d, r, m) wana mtaji hapa: nukta yao hugawa pigo nusu, mkato hugawa robo. Kwenye sita ndipo maandishi hayo yanaposongamana.

Kuna mambo karatasi haiyasemi kabisa, au inayasema nusu. Nota ndogo inayotangulia nota kubwa kwenye snea (ngoma yenye nyaya chini) haina muda wake. Umbali kati yake na kubwa unaamuliwa na mkono. Mapigo hafifu ya snea huwekwa kwenye mabano, lakini hafifu kiasi gani? Hapo sikio ndilo mwalimu, na mpigaji aliyesoma bila kusikiliza rekodi hutoa roli iliyo sahihi na isiyo na ladha.

Kwa hiyo karatasi iwe ya mwanzo. Weka metronomu 60, mguu wa kushoto ukibana haihati (sahani mbili za kubana) kila pigo, na mdomo ukisema “ta-ka-di-mi” kwa nne, “ta-ki-ta ta-ki-ta” kwa sita, kabla vijiti havijagusa kitu. Cheza vipimo vitatu vya mdundo wa kawaida, cha nne roli, kisha krashi (sahani kubwa) kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Panda metronomu kwa 5. Kiki zikianza kugandana, mguu umefika kikomo: rudi nyuma 10. Ukifika 90, funika karatasi.

Andika pia mkono gani unaanza, kwa penseli, maana nakala nyingi hazisemi. Kulia na kushoto zote zinaanza na K, na L ya vitabu vya Kiingereza ni kushoto, hivyo mishale ni salama zaidi.