Akabisha mpaka Wete

Juzi, hapa Pemba, mtoto wa kaka yangu kanijia na daftari la insha, machozi yanamlengalenga. Aliandika: "Tulipotoka Fundo upepo ulikuwa wa mbele, babu akabisha mpaka tukafika Wete." Mwalimu kalizungushia neno "akabisha" wino mwekundu, pembeni kauliza: "Alibisha hodi wapi?"

"Ami, nimekosea?"

Hukukosea hata herufi, mwanangu.

Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Huenda mshazari upande mmoja, kikageuzwa, kikaenda upande wa pili, hivyo hivyo mpaka kifike. Huko ndiko kubisha, na upepo wenyewe huitwa wa mbisho. Mimi nimekulia kwenye ngarawa ya baba. Kila tukigeuza, foromali, mti unaobeba tanga, inahamishwa upande wa pili wa mlingoti, demani inakazwa upya, na mimi mtoto naambiwa haraka nikakalie mrengu wa joshi, ule ubao wa pembeni upande unakotoka upepo, mawimbi yananipiga magotini. Kazi yote hiyo imo ndani ya neno moja. Ukimfutia mtoto neno hilo, safari ile ataisimuliaje?

Na demani, je? Ni kamba ya kukazia tanga, ni upande upepo unakoelekea, na ni msimu kusi inapolegea. Wanafunzi hao hao wanakaririshwa "kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Waulize tezi ni nini, wanashika shingo, kumbe ni nyuma ya chombo.

Linaloniuma zaidi ni hili. "Kushika hatamu" hakuna anayeligusa kwa wino mwekundu. Redioni, magazetini, mikutanoni, kila kiongozi anashika hatamu. Hatamu ni kamba ya kumwongozea farasi, na hapa Pemba wangapi wamewahi kuishika mkononi? Neno la wapanda farasi tumelipokea, tukalipa maana ya uongozi, na limekaa vizuri. Silikatai. Lakini vipi neno la mpanda farasi liwe ufasaha, la nahodha wa Wete liwe kosa? Mwaka 1928, pale Mombasa, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilichochaguliwa ni lugha ya mji wa bandari. Maneno ya chomboni yalikuwemo humo tangu hapo. Hayakuja kuomba nafasi.

Haya, mwalimu ana rundo la madaftari, na huenda hakukulia pwani. Hilo nampa. Lakini angemuuliza mtoto kabla ya kumkata alama. Mtoto angemweleza, tena kwa mikono, maana ndivyo alivyonieleza mimi: kiganja kimoja tanga, kingine upepo.

Jumamosi ngarawa inatoka na maji ya asubuhi. Mwalimu, nafasi yako ipo. Karibu, nasema kwa moyo safi.