Thamani ya Geti Haipimwi kwa Halijoto

Kila inapotangazwa superkondakta mpya, swali la kwanza huwa ni halijoto ambayo ukinzani wake wa umeme hutoweka. Kwa tabaka nyembamba zinazodhibitiwa kwa geti la umeme, yaani elektrodi ambayo volti yake huvuta au kufukuza elektroni ndani ya tabaka, naona swali hilo linatupeleka kombo.

Chukua mpaka wa oksidi mbili, aluminati ya lantani na titanati ya stronti. Kila moja ni kihami, yaani haipitishi umeme, lakini mwaka 2004 wanafizikia Ohtomo na Hwang walionyesha kwamba zinapounganishwa kwa ustadi, elektroni husafiri kwa wepesi pale zinapokutana. Mwaka 2007 ikabainika kwamba utando huo wa elektroni hupoteza ukinzani wote karibu na kelvini 0.2 (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa), kiwango duni hata mbele ya zebaki, iliyofanya hivyo kwenye kelvini 4.2 tangu 1911. Uzito wa jambo ulionekana mwaka 2008, geti lilipotumiwa: volti ikiongeza elektroni, halijoto ya mpito, ile ambayo ukinzani hutoweka, hupanda, hufika kilele, kisha hushuka; elektroni zikipunguzwa mno, hali ya superkondakta hutoweka kabisa. Yote hayo katika sampuli ileile! Njia ya zamani, ya kuchanganya atomi ngeni ndani ya fuwele, hudai fuwele mpya kwa kila kiwango, na atomi hizo huvuruga mpangilio, hivyo ni vigumu kujua mabadiliko yameletwa na nini.

Wembamba hapa ni sharti, kwa kuwa katika metali ya kawaida elektroni ni nyingi kiasi cha kuizima nguvu ya geti kabla haijapenya hata nanomita moja.

Wapo wanaotumia kimiminika chenye ayoni, yaani atomi au molekuli zenye chaji, badala ya geti gumu, kwa sababu hukusanya elektroni nyingi zaidi. Ndivyo disulfidi ya molibdeni ilivyofikishwa karibu kelvini 11 mwaka 2012. Nayastahi matokeo hayo, ila ayoni zinaweza kung'oa oksijeni kutoka katika baadhi ya oksidi au kujipenyeza kati ya tabaka, na hapo tunarudia kemia tuliyotaka kuikwepa. Hata sampuli kurejea hali yake volti inapoondolewa hakunitoshi kama ushahidi kwamba kemia haikuhusika, maana oksijeni nayo huweza kurudi.

Ndiyo maana grafini (kaboni yenye unene wa atomi moja) ya tabaka mbili, moja ikiwa imezungushwa juu ya nyingine kwa pembe ya takriban nyuzi 1.1, iliyotangazwa mwaka 2018, ina uzito zaidi kwangu: ilifika kelvini 1.7 tu, lakini kifaa kimoja kilihama kutoka hali ya kihami hadi superkondakta kwa kubadilisha volti ya geti gumu, bila atomi yoyote kuongezwa.